Kocha akikupeleka fulubeki, usinune

Wadogo zangu mnaocheza futiboli ya Kimarekani huku haiskuli, hii ni yenu. Fulubeki ninayemsema sio beki wa soka, huyu anakaa nyuma ya kotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), mpira anapewa mara chache sana, kazi yake ni kutangulia kwenye upenyo amgonge lainibeka, yaani mlinzi wa wapinzani, ili ranibeki (mkimbiza mpira) anayemfuata apite.

Mi nilikua ranibeki, kocha akanihamisha, nikanuna wiki nzima nikijua nimeshushwa. Kilichonitoa huko ni video za Lorenzo Neal, fulubeki wa zamani. Jamaa alichukuliwa na timu ya Saints mwaka 1993 raundi ya 4 tu ya uchaguzi wa wachezaji wapya, akacheza NFL (ligi kuu ya Marekani) misimu 16 kwenye timu 7, na kuanzia 1997 misimu 11 mfululizo ranibeki anayemsafishia njia anavuka yadi 1,000 kwa msimu, timu zinabadilika, ranibeki wanabadilika, yeye yupo palepale mbele. Ranibeki LaDainian Tomlinson anafunga tachidauni 31 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) mwaka 2006, rekodi ya msimu mmoja hadi leo, aliyekua anamtangulia ni Neal.

Sasa nisikilizeni kwenye hili. Usiinamishe kichwa unapogonga! Mi niliinamisha mara moja tu mazoezini, mkono ukafa ganzi toka shingoni mpaka vidoleni, nikaficha siku tatu nisikose mechi, ule ulikua ujinga mkubwa, ukisikia hivyo toka nje saa hiyohiyo umwambie daktari wa timu. Shusha kiuno, macho juu, gonga na bega. Mi mieleka ndo ilinifundisha kushuka, na Neal mwenyewe alipiga mieleka chuoni Fresno State.

Timu ya kupokea mipira ya kuanzishia nayo usiikimbie. Tarehe 8 Januari 2000 kwenye mechi ya mtoano, Titans, timu ya Neal wakati huo, wako nyuma ya Bills zimebaki sekunde 16, Bills wanaupiga mpira wa kuanzishia mfupi, anaudaka Neal, anampa mwenzake Wycheck, Wycheck anamrushia Dyson upande wa pili, Dyson anakimbia yadi 75, tachidauni, Titans hao wanasonga mbele.

Ila ukweli nafasi zimepungua, timu nyingi sa hivi hazina fulubeki kabisa, wanaobaki ni wa aina ya Kyle Juszczyk aliyetoka Harvard, anagonga na anadaka pasi. Kwahiyo jifunze kudaka. Kocha akikosa muda mtafute kotabeki wa akiba, naye anatafuta mtu wa kumrushia, mbaki wawili dakika 20 baada ya mazoezi, mi nilianza hivyo.