Borrow na lend: pima kwa kukopa na kukopesha

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi wangu wa darasa la jioni, borrow na lend yako mstari wa mbele. Hawa ni watu wazima, wana kazi zao, Kiingereza wanakielewa vizuri tu. Lakini kalamu ikiisha wino utasikia: "Please borrow me your pen." Wengine huwacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu najua kosa hilo linakotoka: linatoka kwenye neno letu kuazima.

Angalia. Juma ameazima jembe: Juma amechukua. Juma ameniazima jembe: Juma ametoa. Hicho ki-"ni" kidogo cha katikati ndicho kilichogeuza safari nzima ya jembe. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo ndani ya kitenzi, kwa hiyo hubadilisha kitenzi chenyewe: Juma borrowed a hoe, Juma lent me a hoe. Wala si sisi peke yetu. Wajerumani nao wana leihen, ambayo hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea.

Ushauri wangu ni huu: ukiwa unaongea Kiingereza, sahau kuazima. Pima kwa kukopa na kukopesha. Panapokaa kukopa, sema borrow. Panapokaa kukopesha, sema lend. Mwavuli au kitabu kwa Kiswahili hatukopeshani, najua, lakini kichwani mwako jiulize hivyohivyo na jibu litakuja sahihi.

Kisha shika vitu vinavyoandamana nayo. Unaborrow kitu from mtu. Unalend kitu to mtu. Lend inakubali kufuatwa na mtu moja kwa moja, "lend me your pen", borrow haikubali. Wakati uliopita ni borrowed na lent, hakuna lended. Na kitu kisichobebeka, kama choo cha mwenyeji wako, usikiborrow. Sema "Can I use your toilet?"

Ninapokazia zaidi ni kwenye mikataba ya mikopo, kwa kuwa mingi bado huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani, alikuja na mkataba wake kabla hajausaini. Tuliusoma polepole, kila penye Borrower akapigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "mimi". Penye Lender akaandika "wao". "The Borrower shall repay": mimi nitalipa. "The Lender may demand": wao wanaweza kudai. Kurasa zilizokuwa kama ukuta zikaanza kusomeka, na akapata maswali ya maana ya kwenda kumuuliza afisa mikopo, hasa kuhusu faini ya kuchelewesha rejesho. Fanya hivyo na wa kwako. Chukua kalamu, andika "mimi" na "wao" mwanzo hadi mwisho.

Humo utakutana na neno la tatu, Guarantor. Huyo ni mdhamini. Ndugu au rafiki akikuomba usaini hapo, fahamu kwamba hukukopa wala hukukopesha, lakini yeye akishindwa kulipa, wewe ndiye utakayedaiwa. Omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani ukaisome kabla ya kutia saini.