Sensa ya joto kwenye Corolla ya zamani: ipime kabla ya kununua nyingine

Kama una Corolla AE100 au AE110 yenye injini ya 5A-FE, na siku hizi inakunywa mafuta kuliko kawaida, inatoa moshi mweusi na asubuhi inasumbua kuwaka, usikimbilie kufungua nozeli (vinyunyizio vya mafuta). Anza na sensa ya joto la maji. Yangu ilikuwa na dalili hizo hizo huku geji ya dashibodi ikisimama vizuri kabisa, chini kidogo ya katikati. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Geji ina sensa yake, yenye waya mmoja. Kompyuta ya injini ina ya kwake, yenye nyaya mbili, na mara nyingi soketi yake ni ya kijani. Hiyo ya pili ndiyo unayoitafuta. (Swichi ya feni nayo ni kitu kingine, iache.)

Iko upande wa giaboksi, mwisho wa silinda hedi, jirani na distribyuta (inayogawa umeme wa plagi), pale inapotokea hozi ya juu ya rejeta. Ukitoa bomba la hewa utaiona vizuri.

Chomoa soketi, weka maltimita (mita ya kupimia umeme) kwenye pini mbili za sensa, ikiwa kwenye omu. Injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, inatakiwa isome kilo-omu 2 hadi 3. Kwa joto la Dar itakuwa chini kidogo ya hapo. Maji yakifika nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 mpaka 400. Omu zikibaki juu wakati injini imepata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta. Ukiwa hapo hapo, fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini na upime soketi upande wa nyaya: ukipata karibu volti 5, nyaya ni nzima. Usisubiri taa ya cheki injini. Msimbo 22, namba ya hitilafu ya sensa hii kwenye kompyuta, hujitokeza waya ukikatika au ukigusana. Sensa inayodanganya kidogo kidogo inaweza kukaa kimya kabisa.

Kuibadilisha ni kazi ndogo, ila injini iwe imepoa kweli. Fungua mfuniko wa rejeta kwanza, sensa mpya iwe mkononi pamoja na washa yake (pete ya kuziba), kisha legeza ya zamani kwa spana namba 19. Kulanti (maji ya kupozea injini) kidogo itamwagika. Soketi usiivute kwa nyaya, plastiki ya umri huo inapasuka upesi. Bonyeza klipu taratibu. Wakati wa kukaza usitumie nguvu, nyuzi za tundu la aluminiamu zinaliwa. Nyutoni-mita 20 zinatosha.

Ongeza kulanti, washa injini mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Zima, chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa mafuta) kama nusu dakika ili kompyuta isahau msimbo wa zamani. Kesho yake, kabla ya kuwasha, angalia tena kiwango cha maji.

Ukienda Kariakoo kununua, nenda na mita yako, na uipime sensa dukani kabla ya kulipa.