Ukienda kuona Terrier usifanye kosa nililofanya mimi

Mara ya kwanza kuwapeleka watoto kuona Terrier, zile injini ndogo za zamani za treni za mvuke, huku kusini mwa Uingereza nililipa tiketi za watu wanne, nikaendesha masaa mawili na nusu, kufika naambiwa injini yenyewe iko shedi imetolewa boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, leo mtavutwa na dizeli. Kijana wangu akaniangalia kama mtu aliyemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa hivo kabla hujalipa chochote angalia ratiba ya injini, sio ya treni tu. Reli nyingi hizi za kihistoria huandika injini gani inavuta siku gani, na hata hapo piga simu asubuhi uhakikishe, manake boila ina muda wake, kwa kawaida miaka 10, ukiisha inafunguliwa yote na kuirudisha ni kazi ya miaka na pesa nyingi. Na zenyewe sio nyingi. Zilijengwa 50 kwenye karakana ya Brighton kati ya 1872 na 1880, zimebaki 10, na hapo moja, Waddon, iko Canada na nyingine, Boxhill, imetulia makumbusho ya York haiendi popote.

Mi nimekulia Nairobi, nimezoea ile Garratt, injini kubwa ya mvuke ya makumbusho ya reli, 5918 Mount Gelai, tani 252, so nilipoona Terrier kwa macho nikacheka. Tani 28 hivi! Unahitaji tisa kufikia Garratt moja. Gurudumu lake halinifiki kifuani, maji inabeba kwenye matenki mawili ubavuni, makaa kidogo nyuma ya dereva, basi.

Lakini huo wepesi ndo umeziokoa. William Stroudley alizichora zivute treni za abiria London, kwenye reli nyepesi zenye stesheni zilizobanana, ndo maana nyingi zina majina ya mitaa ya kule, Stepney, Poplar, Whitechapel, yameandikwa makubwa kwenye tenki. Treni zilipozidi uzito nyingi zikauzwa huku na kule, moja iitwayo Fenchurch ikanunuliwa na kampuni ya bandari ya Newhaven mwaka 1898. Halafu kulikuwa na njia ya reli ya kisiwa cha Hayling, ilikuwa na daraja la mbao lisiloweza injini kubwa, so hivi vizee vikaendelea kupeleka watu ufukweni mpaka Novemba 1963. Yaani injini ya enzi za Malkia Victoria ilikuwa bado kazini mwezi mmoja kabla Kenya haijapata uhuru.

Ukikuta iliyopakwa rangi ya zamani usishangae. Stroudley aliiita kijani kilichoboreshwa, ukiiangalia ni manjano, bizari kabisa. Hiyo siielewi hadi leo.

Siku yenyewe kaa behewa la kwanza nyuma ya injini, uliza kwanza treni inaelekea wapi manake wakifika mwisho injini inahamia upande wa pili. Teremsha dirisha usikilize kwenye mlima, inabweka kweli kama kambwa kadogo kakali, jina la Terrier limetoka hapo. Ila usitoe kichwa, chembe ya makaa ikikuingia jichoni utalia safari nzima. Na msivae nyeupe. Mke wangu alivaa nyeupe, sisemi zaidi.

La mwisho, fika nusu saa kabla ya treni ya kwanza. Wengi pale ni wazee wanaojitolea, ukiuliza kwa adabu watakueleza mpaka uchoke. Tuliporudi mara ya pili dereva alimpandisha kijana wangu juu, joto la tanuri likampiga usoni akarudi nyuma, kisha akapewa kitambaa chenye mafuta afute kile chuma cha kushikia mlangoni. Alifuta mpaka filimbi ikalia. Kitambaa alikuja nacho nyumbani, kiko kwenye droo ya soksi kinanuka, na hataki kabisa kifuliwe.