Kubuni Dini ya Kifo na Kuzaliwa Upya: Anza na Gharama

Riwaya yangu ya kwanza ya kifantasia niliiandika Kisumu, usiku baada ya kazi, na ndani yake nilibuni dini ya kifo na kuzaliwa upya. Ilikuwa na miungu tisa, sala zenye vina, na maelezo marefu ya njia ambayo roho hupita kabla ya kurejea duniani. Shangazi yangu, aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, aliurudisha mswada akiwa na swali moja: "Mwanangu, hawa watu wako wakifa, ni nani anayewaosha?" Sikuwa na jibu. Katika kurasa zote zile hakuna aliyeshika maiti, hakuna aliyechimba kaburi, wala hakuna aliyekesha matangani.

Ndiyo maana namshauri anayebuni dini ya namna hii kwamba, kabla hajaipa miungu, aamue kurejea kwa mfu kunagharimu nini na ni nani anayelipa. Wamisri wa kale waliomwabudu Osiris, mungu aliyeuawa na ndugu yake kisha mkewe Isis akauunganisha tena mwili wake, hawakuishia kwenye kisa hicho. Kuihifadhi maiti ya mtu mwenye uwezo kulichukua siku 70 hivi, ikikaushwa kwa magadi na kuviringwa kwa vitambaa vya kitani, na imani hiyo iliwalisha mafundi wengi, wakiwemo wafumaji na maseremala wa majeneza. Maskini alizikwa mchangani bila hayo yote. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuzaa ugomvi wa riwaya nzima.

Gharama ya dini yangu niliipata kwa kamongo. Samaki huyu ana mapafu, na dimbwi lake likikauka hujichimbia topeni, akajizungushia ute unaokauka kama ganda, kisha akatulia humo kwa miezi hadi maji yarudi. Utotoni nilidhani analala tu. Baadaye nilisoma kwamba muda huo wote mwili wake huila misuli yake wenyewe, kwa hiyo anayetoka amepungua kuliko aliyeingia. Nilifuta miungu minane na kuanza upya na tope. Watu wangu sasa huzikwa kando ya ziwa wakati wa kiangazi, jina la marehemu halitajwi hadi mvua ya kwanza, na anayerudi hurudi amepungukiwa na kitu ambacho jamaa zake ndio wanaokichagua. Binti akataka baba arudi na hekima yake hata akiwasahau. Mama akataka awakumbuke hata akiwa mjinga. Sura iliyokuwa imenishinda kwa mwaka mzima niliimaliza kwa wiki moja.

Tena usiwanyime waumini wako machozi. Kwetu Waluo mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, na wazee husimulia kwamba mtoto mchanga akilia bila kukoma, majina ya waliotangulia hutajwa moja baada ya jingine hadi anyamaze. Mpwa wangu amebeba jina la nyanya yangu, na mama humwita "mama" kwa upendo wa kweli. Hata hivyo, siku ya maziko ya nyanya, mama alijua kwamba jina hilo litarudi, na bado alilia hadi sauti ikamkauka. Jina limerudi, mikono iliyokuwa ikimsuka nywele haikurudi.

Kuna sharti ninalolishikilia sana. Usichukue desturi ya watu walio hai, kwa mfano tero buru ya Waluo, ambamo wanaume hutoka na ng'ombe na mikuki ili kukifukuza kifo, ukaibadilisha jina na kuiita yako. Chukua swali ambalo desturi hiyo inalijibu, yaani wafiwa wafanye nini na hasira yao, kisha watafutie watu wako jibu linalotokana na nchi yao. Wangu huingia ziwani usiku wa maziko na kuyapiga maji kwa makasia hadi alfajiri.

Mswada wa pili nilimpelekea shangazi mvua za masika zilipoanza. Anayeosha maiti katika sura ya kwanza ni mwanamke wa makamo, na hulipwa kwa samaki.