Swali la lugha: "Amri ikitoka sifuri"

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Nipo Wete, naandika kwa Kiswahili maelekezo ya kuchuja barua pepe za ofisini kwa programu ya procmail. Nimeandika: "Amri ya sheli ikitoka na msimbo wa kutoka 0, barua iwekwe folda ya Malipo, ikishindwa, ibaki ilipo." Wenzangu wananicheka. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam. Nadhani wamecheka kwenye sheli, yaani "shell", programu ya kompyuta inayopokea amri. Kwetu sheli ni pahala pa kutia petroli, na msomaji atafika huko kabla hajafika kwenye kompyuta. Andika "amri" tu, inatosha.

"Msimbo wa kutoka" ni tafsiri ya "exit code" neno kwa neno; amri haitoki popote. Unapotia alama ya kuuliza mbele ya amri kwenye sharti la kanuni ya kuchuja, procmail huituma amri ile, kisha hungoja nambari, kati ya 0 na 255. Anayetumwa hurudi na jibu. Kwa hivyo mimi husema amri imejibu 0. "Nambari ya jibu" nayo siikatai. Ila hiyo 0 ieleze mapema, maana skuli aliyepata sifuri kafeli, na hapa sifuri ndiyo heri.

Lililonishughulisha hasa ni "ikishindwa". Mtume mtoto dikoni akatazame kama kuna pweza. Akirudi akisema "hakuna", kashindwa? Hata! Kaenda, katazama, hakuona. Akirudi akisema mvua imemzuia njiani, hapo ndipo kashindwa. Amri ya grep, inayotafuta maneno ndani ya faili, hutofautisha vivyo hivyo: 0 imeona, 1 haikuona, 2 imekumbwa na hitilafu, kwa mfano faili la kutafutia halipo. "Ikishindwa" yako inaichukua 2 na kuiacha 1, nayo 1 ndiyo utakayokutana nayo kila siku. Procmail haibagui: chochote kisichokuwa 0, sharti halikutimia. Kiswahili kina -sipo- kwa kazi hiyo hiyo.

Na barua "haibaki ilipo". Hupelekwa kwenye kanuni ya pili yake. Basi: "Amri ikijibu 0, barua iwekwe folda ya Malipo, isipojibu 0, ipite kwenye kanuni inayofuata."

Folda iache ilivyo. Hiyo sidhani kama kuna aliyeicheka.