Maswali na majibu: kupiga picha ziwa la mlimani likiwa limeganda

Maswali mengi ya safari hii yanatoka kwa wasomaji walioko Kanada, machache Uswisi, na moja Nanyuki. Palipo na hatari ya kupoteza maisha au kamera tumejibu kwa kirefu.

Theluji naiona nyeupe pepepe, lakini kwenye picha inatoka kijivu kama majivu. Kamera imeharibika? (Calgary)

Haijaharibika. Mita ya mwanga huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ikikutana na theluji inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na weupe unashuka. Tumia kitufe cha +/− uongeze mwanga mwenyewe: anza na +1 siku ya mawingu, na +1.7 jua likiwaka na theluji imejaa kwenye fremu.

Usiiamini skrini. Macho yaliyozoea mng'ao wa theluji huona kila skrini ina giza. Fungua histogramu (grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia): kilima cha theluji kikae upande wa kulia bila kugusa ukuta. Kikigusa, shusha mwanga kwa theluthi moja ya stopu (kipimo kilekile cha kitufe cha +/−). Piga RAW (faili ghafi la kamera), ili uwe na nafasi ya kurekebisha baadaye.

Vivuli vya bluu si kosa. Kivuli juu ya theluji kinapata mwanga kutoka angani, na anga ni bluu. Ukipandisha mizani ya rangi hadi kivuli kiwe cheupe kabisa, sehemu yenye jua itageuka njano. Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 hadi 6000 zinatosha, na bluu kidogo iachwe ibaki, maana ndiyo inayomfanya mtazamaji aisikie baridi.

Nataka kupiga vile viputo vyeupe vilivyopangana ndani ya barafu. Niende wapi, nitumie mipangilio gani? (Edmonton)

Nenda Ziwa Abraham, jimbo la Alberta, kando ya Barabara Kuu namba 11. Ni bwawa, lilitokea mwaka 1972 baada ya Mto North Saskatchewan kuzibwa kwa ajili ya umeme. Mimea iliyofunikwa na maji inaoza chini, bakteria wanatoa gesi ya methani, na viputo vinavyopanda vinanaswa na barafu inayozidi kunenepa, tabaka kwa tabaka. Maziwa mengine mengi yana viputo pia, lakini theluji huvifunika. Hapa upepo mkali hufagia barafu ikabaki kama kioo. Januari hadi katikati ya Februari ndio wakati wake. Watu wengi huanzia Preachers Point. Jaza mafuta Nordegg na umwachie mtu ratiba yako, kwa sababu sehemu kubwa ya njia haina mtandao wa simu.

Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi. Uwe juu ya barafu saa moja kabla, ili upate muda wa kuchagua viputo. Tafuta nguzo ya viputo yenye tabaka tano au sita zinazoonekana wazi, halafu sogea mpaka mlima ukae nyuma yake. Wengi hufanya kinyume: wanachagua mlima kwanza, kisha wanabaki na viputo hafifu mbele.

Kwa kamera ya fremu kamili na lenzi ya milimita 16, weka tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, na ulenge umbali wa sentimita 80. Hapo kuanzia sentimita 40 hadi mlimani patatoka wazi, bila ukungu. Kamera ikae kwenye kimo cha goti, imeinama kidogo. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo, piga picha tatu bila kugusa tripodi: ya kwanza ukilenga kiputo cha karibu, ya pili katikati, ya tatu mlimani, uziunganishe kwenye kompyuta. Usikimbilie f/22, kwani tundu dogo kiasi hicho hulainisha picha nzima.

Kichujio cha polaraiza kinakata mng'ao vizuri ukiitazama barafu kwa pembe ya nyuzi kama 37 kutoka usawa wake. Ukitazama wima chini hakisaidii kitu. Kwa lenzi pana kinaweza kuacha doa jeusi angani, kwa hiyo piga moja nacho kwa ajili ya barafu, nyingine bila, kwa ajili ya anga. Beba pia brashi pana ya nywele laini. Unga wa theluji ulioganda kwenye mikwaruzo ndio unaoharibu picha nyingi za viputo, na dakika mbili za kufagia zinautoa.

Nitajuaje barafu itanibeba? (St. Gallen)

Huwezi kujua kwa macho. Pima. Barafu safi, ngumu, inayopitisha mwanga, inahitaji unene usiopungua sentimita 10 kwa mtu mmoja anayetembea. Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka 15, na sisi tunashauri hiyo 15. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu tu ya nguvu, kwa hiyo zidisha kipimo mara mbili. Toboa kwa keekee ya barafu karibu na ufuko, pima, na urudie kila unapoingia ndani. Kaa mbali na midomo ya mito, chemchemi, mawe yaliyochomoza na miti iliyosimama majini.

Mabwawa kama Abraham yana hatari ya ziada. Maji yanapofunguliwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, usawa unashuka na barafu ya ufukoni inabaki ikining'inia, tupu chini yake. Milio ya kupasuka haimaanishi lazima kwamba inavunjika, lakini ukiona maji yakipanda kwenye nyufa, rudi.

Vaa miba ya chuma juu ya viatu na ning'iniza shingoni kucha mbili za barafu (vishikio vyenye ncha kali ya chuma). Ukitumbukia, kumbuka 1-10-1: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono bado inafanya kazi, na takriban saa moja kabla baridi haijakupotezea fahamu. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Piga miguu kama unaogelea, chomeka kucha, jivute kifudifudi, kisha bingirika. Usisimame mapema. Na usiende peke yako.

Nikirudi ndani lenzi inajaa ukungu, na safari moja ukungu uliingia hadi ndani. (Calgary)

Wa Dar na Mombasa wanalijua hili kwa upande wa pili: kamera iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi, ukiitoa nje asubuhi, lenzi inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha maji. Kwako nyumba ndiyo yenye unyevu.

Dawa ni kufunga kamera ukiwa bado nje. Toa kadi na betri kwanza, ili uangalie picha zako wakati unasubiri. Tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, funga, rudisha ndani ya begi. Iache saa mbili mahali pasipo na joto kali. Maji yatatua juu ya plastiki badala ya kamera. Usifungue kuchungulia, wala usiiweke karibu na hita.

Ukiwa nje, usipulizie lenzi kwa mdomo: pumzi yako inaganda palepale. Tumia pampu ya mpira. Na usiifiche kamera ndani ya koti, kwa sababu jasho ni unyevu vilevile.

Betri inaisha baada ya picha 60. (Zermatt)

Haijaisha, imepoa. Beba tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, uzizungushe. Iliyopoa ikipata joto hurudisha sehemu ya chaji. Simu nayo huzimika kwa sababu hiyohiyo.

Tripodi inateleza. (Edmonton)

Toa mpira wa miguuni, funga miba ya chuma. Upepo ukivuma, ning'iniza begi katikati, liguse barafu kidogo lisiyumbe. Miguu ikiingia majini, ifute kabla hujaikunja, la sivyo itagandia humo.

Mlima Kenya nao una maziwa. Kuna barafu ya kupiga picha? (Nanyuki)

Ipo, ila ni ya usiku. Kwenye ikweta hakuna majira ya baridi. Juu ya mita 4,000 baridi huja kila usiku na kuondoka asubuhi. Januari na Februari, anga ikiwa safi, vidimbwi vya juu kama Two Tarn hupata utando wa barafu kingoni, na nyasi zake huwa na umande ulioganda. Utando huo usiukanyage kamwe, ni mwembamba kama kioo cha dirisha.

Lala juu siku iliyotangulia, na saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshasimamisha tripodi. Jua la ikweta hupanda wima: mwanga wa dhahabu kwenye miamba ya Batian, kilele kirefu kuliko vyote mlimani hapo, hauchukui muda mrefu, na utando huanza kuyeyuka mara jua linapoufikia. Piga utando kwanza ukiwa bado kivulini, halafu ndipo uinue kamera kwenye kilele.