Vitunguu kuoza kuanzia shingoni

Unasema vitunguu vyako ulivyohifadhi vinaoza kuanzia shingoni, yaani pale majani yanapoungana na kitunguu. Mara nyingi ni kwa sababu viliingizwa stoo kabla shingo haijakauka. Majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia. Usiyakanyage ili yalale, unafungulia ukungu njia. Ng'oa siku kavu, kisha tandaza kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 3, majani yakiwa bado yameshikana na kitunguu. Shingo ukiibonyeza ikiwa bado laini, subiri tu. Na usivioshe! Vyenye shingo nene au vilivyotoa maua havikai, pika hivyo kwanza. Vingine tia kwenye mifuko ya wavu, mbali na viazi. Vile vidogo vinavyoota kwa vishada (shaloti) kwa kawaida hudumu zaidi.